Mbuzi wa Kiritiri na Figo ya Kagendo

Kabla mtu hajaniuliza tena pale sokoni: hapana, sikwenda Mbeere kurudisha mahari ya dada yangu. Najua mmesikia hivyo. Hata mama anayeuza chai karibu na mzani alinishika mkono akaniambia pole kwa kuvunjika kwa ndoa ya Kagendo. Kagendo yuko kwake, mume anaye, na boma lao lina mbuzi zaidi kuliko kabla sijafika. Mbuzi hao walitoka wapi nitaeleza. Lakini nitaeleza mara moja tu, kwa maandishi, ili atakayeuliza kesho apewe karatasi aliache koo langu lipumzike.

Wanaonijua kwa sura tu: mimi ni Koome, dalali wa miraa hapa Kangeta, Igembe. Figo nilizozaliwa nazo zilikufa zamani. Dada yangu Kagendo, aliyeolewa Kiritiri huko Mbeere, akanipa moja yake. Wakaiweka hapa chini ya tumbo, upande wa kulia, karibu na paja, ikafanya kazi miaka kadhaa bila kulalamika, kama Kagendo mwenyewe. Halafu mwaka jana ikachoka, nikarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Sasa mke wangu Gakii amepimwa na yuko tayari kunipa yake. Swali lililobaki lilikuwa moja. Hii ya Kagendo iliyokufa, itolewe kwanza kabla ya Gakii kutoa yake, au iachwe hapo ilipo?

Mtu anaweza kudhani hilo ni swali la daktari peke yake. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nikapanda gari.

Kangeta mpaka Nkubu

Safari ya mtu wa mashine hupangwa na mashine. Mimi na miraa tunafanana hapo. Miraa ikilala siku chache inakuwa chakula cha mbuzi, na mimi nikikaa siku nyingi bila kusafishwa navimba miguu na pumzi inakuwa fupi. Kwa hivyo nilianzia Nkubu hospitalini, nikalala kwenye kiti changu cha kawaida, damu ikatoka, ikazunguka, ikarudi. Nilipofunguliwa mirija nikamwomba daktari kijana wa pale anipe dakika zake.

"Iache," akasema kabla sijamaliza kuuliza. "Bado inakupa mkojo, si ndiyo?"

"Kama kikombe kwa siku."

"Hicho kikombe ni chako, usikitupe. Kuitoa ni upasuaji, na sehemu hiyo hutoka damu. Ukitoka damu nyingi utaongezwa ya watu wengine. Mwili ukiongezwa damu ya watu unajifunza kuchukia vitu vya watu. Kesho unaletewa figo ya mke wako, mwili unaikataa."

"Hiyo ndiyo bei ya mwisho?"

Alidhani nauliza gharama ya upasuaji. Akaanza kunieleza habari ya bima na dirisha gani huwa na foleni fupi, na kwa vile alieleza kwa moyo safi nikamwacha amalize. Mimi nilitaka kujua kama hapo ndipo maoni yake yanaishia au kuna mengine chini ya meza. Kwa kazi yangu, ukipewa bei ya kwanza ukaondoka nayo, hata aliyekuuzia anakudharau.

"Inauma?" akauliza alipokumbuka.

"Kidogo."

Akaniambia basi, kama sijaridhika, Embu kuna daktari bingwa wa figo anayekuja wiki hiyo. Niende nimsikie naye.

Wengine mnaijua hii "kidogo" yangu. Mnunuzi akiniuliza kama miraa imenyauka, huwa ni kidogo. Kwa miezi miwili nilikuwa napata homa jioni, na upande wa kulia ulikuwa umevimba hata sikuweza kuulalia. Gakii alijua. Nilimwomba akae kimya mpaka nijue kila upande unasema nini.

Nkubu mpaka mto Thuci

Tulipita Chuka vizuri. Kabla ya kufika Thuci, kwenye zile kona, lori la mbao lilikuwa limelala kando na mzigo umemwagika barabara nzima. Hakuna aliyeumia. Dereva wa lori alikuwa ameketi juu ya mbao zake akila mkate, ametulia kama mtu aliyefika nyumbani. Sote tukashuka.

Gari zikisimama, wauzaji hutokea kama uyoga. Mama mmoja alinijia na beseni la ndizi mbivu, zile fupi nono, harufu yake ikanifikia kabla yake. Sasa, ndizi ni sumu yangu. Mtu asiye na figo akila ndizi mbili tatu, moyo wake unaweza kusimama njiani. Ndizi, parachichi, viazi, maharagwe, kila kitu ambacho Mungu aliwapa watu wa mlima huu, mimi nimekatazwa.

"Chukua, baba. Tamu."

"Asante mama, sitaki."

Akataja bei. Nikatikisa kichwa. Akashusha. Nikamwambia, "Mama, kweli sitaki." Akanitazama vizuri, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi.

"Wewe ni wa Igembe."

"Ndiyo."

"Nilijua. Watu wa miraa hamnunui bila kumtoa mtu jasho." Akashusha tena.

"Mama, mimi ni mgonjwa. Daktari amenikataza ndizi."

Hapo akacheka mpaka akaweka beseni chini. "Hiyo ya daktari sijawahi kusikia! Mwingine aliniambia ndizi zinamkumbusha mama yake. Haya, umeshinda." Akanitajia bei ambayo hata aliyezilima asingeikubali, akanitilia kichana kizima kwenye mfuko, na kingine juu yake. "Hicho ni cha kunichekesha."

Kwa miaka yote niliyobishana bei, hiyo ndiyo biashara kubwa zaidi niliyowahi kushinda, na nilikuwa nasema ukweli mtupu tangu mwanzo hadi mwisho. Nikabeba ndizi zangu. Jua lilipogeuka mbao zilikuwa zimeondolewa, tukavuka mto tukaingia upande wa Embu.

Embu

Daktari bingwa alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Nilipoketi mbele yake nilijua mara moja kwamba huyu angeuza miraa vizuri.

Alisoma karatasi zangu zote. Nikamwambia mwenzake wa Nkubu amesema iachwe.

"Hakukosea," akasema. "Hata mimi, nikikuta figo ya zamani imelala kimya, siiamshi. Wengine hudhani tunaitoa ili tupate nafasi. Nafasi ipo. Ya mke wako itawekwa kushoto."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza. Nimesema ikiwa imelala." Akageuza karatasi. "Damu yako iko chini, na unadungwa sindano za kuiongeza kila wiki. Kwa nini haipandi?"

"Sijui, daktari."

"Homa?"

"Ya hapa na pale."

"Inauma?"

"Kidogo."

Akanilaza kitandani akabonyeza. Hapo ndugu zangu nilifanya kazi. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, nikamkazia macho yule ng'ombe nikahesabu chuchu zake, nikarudia kuzihesabu. Sura hii imeuza miraa ya jana kama ya leo kwa watu werevu sana. Haikusema kitu.

Daktari akanawa mikono. "Sikiliza, Koome. Figo iliyokufa ikianza kuleta homa, maumivu, na damu inashuka, maana yake mwili unapigana nayo kila siku. Askari wako wako macho usiku na mchana. Huwezi kumleta mgeni alale kwenye nyumba yenye vita. Hiyo tunaitoa kwanza, tunangoja mwili utulie, tunapima upya, ndipo tunamwita mke wako. Lakini ikiwa haina shida, nikiitoa bure nitawaamsha askari mimi mwenyewe. Kwa hivyo jibu liko kwako zaidi kuliko kwangu. Picha tuliyokupiga inaonyesha imevimba, lakini picha haihisi maumivu."

"Kuna mtu lazima nimuulize kwanza."

"Nani?"

"Dada yangu. Figo ni yake."

"Dada yako ni daktari?"

"Hapana. Lakini ndiye mwenye mali."

"Mwenye mali ni wewe," akasema. "Mimi nipo hapa mpaka kesho kutwa. Rudi na jibu la kweli."

Mnajua, au mnapaswa kujua, Kagendo alipata shida gani kunipa ile figo. Baba mkwe wake, Mzee Nyaga, alikataa katakata. Alisema walimwoa mwanamke mzima, hawakumwoa nusu. Mume wake Njeru akasimama katikati kama mwamuzi asiye na filimbi. Kagendo akawaambia wote kwamba mimi ni mtoto wa mama yake, akapanda gari akaja. Tangu siku hiyo Mzee Nyaga alikuwa hanisemeshi ila kwa salamu. Sasa nimwambie nini dada yangu? Kwamba kile kitu alichokigombania na boma zima kitakatwa kitupwe kwenye ndoo? Bora kiniume. Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya "kidogo" yangu.

Embu mpaka Kiritiri

Kesho yake nilipata lori la mchanga linalorudi tupu. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi na breki chache. Ukiteremka kutoka Embu kwenda Mbeere hewa hubadilika, migomba inabaki nyuma, vichaka vinaanza na vumbi linakuwa la rangi nyingine. Aliniuliza naenda kwa nani, nikasema kwa muthoni wangu, maana huko kwao na kwetu hilo ndilo jina la mkwe. Akatazama mfuko wangu.

"Unaenda kwa wakwe na ndizi?"

"Nina sukari pia. Na majani ya chai."

Hakusema tena mpaka tukafika. Nikaanza kuona aibu.

Kiritiri ilikuwa siku ya soko. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo uvumi wenu ulipozaliwa. Sikwenda kununua mbuzi. Nilikuwa napita. Nikasimama tu kuuliza bei, kama mlevi anayesimama mlangoni mwa kilabu kuuliza saa.

Palikuwa na mbuzi jike mweusi, kijana, mwenye doa jeupe juu ya jicho, amefungwa kwenye nguzo. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu katika jua lile.

"Huyu hajawahi kuzaa," akasema. "Na sasa ana mimba. Kwa hivyo unanunua wawili."

Nikamshika mbuzi tumbo. Nikabonyeza kushoto, nikabonyeza kulia, nikarudia. "Hii ni nyasi."

"Ni mimba."

"Mzee, mimi nimezaliwa kati ya mbuzi. Hii ni nyasi na maji. Ukimwacha usiku mmoja tumbo limekwisha."

Tulivutana mpaka watu wakasimama kusikiliza. Niliondoka, nikaitwa. Niliondoka tena, sikuitwa, ikabidi nijirudishe mwenyewe nikijifanya nimesahau mfuko wa ndizi. Mwishowe akakubali bei ya mbuzi asiye na kitu tumboni, akanikabidhi kamba huku akinitazama kwa huruma. Nikaondoka nimefurahi kabisa. Kwa wakwe naingia na mbuzi! Nani atasema Koome alikuja na ndizi?

Bomani kwa Mzee Nyaga

Njeru ndiye aliyeniona kwanza, yuko getini akitengeneza jembe. Alianza kutabasamu, akaona kamba, akafuata kamba kwa macho mpaka kwa mbuzi, na tabasamu likafia njiani.

"Shemeji. Karibu." Sauti imekauka. "Huyo ni wa nini?"

"Nimewaletea."

"Ni jike?"

"Jike."

"Amezaa?"

"Bado. Ni kijana kabisa," nikasema kwa fahari.

Njeru akaweka jembe chini polepole, akaenda kumwita baba yake. Hapo ndipo kichwa changu, kilichokuwa sokoni bado, kilirudi shingoni. Mbuzi jike ambaye hajazaa. Ndiye wa kwanza wanaume wa kwao kumleta kwetu walipokuja kumposa Kagendo. Mbuzi wa mahari hutoka kwa mwoaji akaenda kwa wenye binti. Hakuna siku anageuka njia, ila siku moja tu. Kaka wa mke akionekana anamvuta kuelekea kwa wakwe, amekuja kuvunja ndoa na kumchukua dada yake.

Nikafikiria kumfungua akimbie. Lakini Mzee Nyaga alikuwa ameshatoka.

Hakunisalimia. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Koome. Dada yako ametukosea nini?"

"Mzee, si hivyo..."

"Au sisi tumemkosea? Sema. Ulichukua figo tukavumilia. Sasa umerudi kuchukua aliyebaki?"

Kwa bahati mbaya Kagendo alitokea wakati huohuo kutoka shambani, karai la ndengu kichwani. Alisikia neno la mwisho tu. Akatua karai.

"Nani anachukuliwa?" Akamgeukia mumewe. "Njeru! Umewaambia nini watu wa kwetu?"

"Mimi? Mimi nimemkuta getini!"

"Mahari haiamki tu ikarudi yenyewe bila mtu kusema neno. Ni ile simu uliyopiga juzi?"

"Simu gani?" Njeru akashika kichwa. "Kagendo, mimi sijapiga simu!"

"Ni mbuzi wa zawadi," nikapiga kelele. "Nilimwona sokoni! Bei ilikuwa nzuri!"

Kagendo, ambaye tulilelewa naye nyumba moja, ndiye aliyeelewa kwanza. Alijishika kiuno.

"Bei ilikuwa nzuri," akasema. "Ee Mungu wangu. Baba, huyu hakuja kuvunja kitu. Huyu akiona bei imeteremka huwa hana akili. Aliwahi kununua mlango na hatukuwa na nyumba."

Ni kweli ule mlango nilinunua, na baadaye tulijenga nyumba ya kuutosha.

Lakini Mzee Nyaga hakucheka. Alisema jambo si dogo hivyo. Mbuzi ameshaingia getini kwa mkono wangu na majirani wameona. Akitolewa, wamekataa zawadi ya mkwe, na hiyo ni vita. Akibaki, wamepokea mahari ikirudi, na Kagendo hana ndoa. Tukasimama wote tunamtazama mbuzi, naye akala ndizi zangu kupitia tundu la mfuko.

"Kuna njia moja," mzee akasema. "Mbuzi aliyenunuliwa si wa mahari. Nitamnunua. Taja bei."

"Mzee, chukua tu kwa..."

"Usinipe bure! Ukinipa bure ndiyo tumeharibu. Taja bei kama mtu wa soko."

Basi nikataja. Akasema mimi ni mwizi. Nikamwambia atazame miguu. Akatazama miguu, akasema ameona bora kwenye meza. Njeru akaleta viti, na majirani, maana walikuwa wanasikiliza kutoka kwenye ua, wakasogea karibu ili baadaye washuhudie. Mzee aliinama akamshika mbuzi tumbo, akabonyeza taratibu, uso wake ukabaki kama ukuta.

"Huyu ni mgumba," akasema.

"Si mgumba. Ni kijana."

"Mgumba. Lakini nitamsaidia."

Nilinyolewa, jamaa zangu. Nilinyolewa bila maji. Nilimuuza chini ya bei niliyonunulia saa moja kabla, na kila mara nilipokaza yule mzee alisema, kwa upole, "Basi mrudishe sokoni," akijua siwezi. Tulipopeana mkono akaniita muthoni kwa mara ya kwanza tangu ile figo, akaagiza uji.

Uji wa mtama, kibuyu kizima. Mimi nahesabiwa maji kama mfungwa, vikombe vitatu kwa siku na chai imo humo. Nilipokunywa kidogo nikatua, mzee akaanza kukunja uso upya. Kagendo akamweleza kwa Kimbeere, akanimiminia robo kikombe, uliobaki akanywa yeye. Kisha akaniambia nimsaidie kubeba ndengu mpaka jikoni.

Hakuna aliyehitaji kubeba ndengu.

"Sasa sema kilichokuleta," akasema. "Hukupanda gari mbili na lori kuniletea sukari tu."

Nikamwambia yote. Gakii, mashine, daktari wa Nkubu, daktari wa Embu. Nikamwambia sitaki kuitoa bila yeye kujua, na kwamba kama ataona vibaya nitaiacha ikae.

"Inauma?"

"Kidogo."

Hakubishana. Alinyoosha mkono vile nilivyofanya mimi kwa mbuzi, bila kuomba ruhusa, akabonyeza juu ya paja la kulia. Niliruka. Kikombe kilienda upande wake na uji upande wake, na sauti iliyonitoka ilimfanya Njeru aite kutoka nje, "Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," Kagendo akajibu. "Ni kidogo."

Kisha akakaa juu ya gunia. Niliona macho yake yamejaa, lakini sauti ilikuwa ileile ya kunigombeza.

"Tangu lini?"

"Miezi miwili. Mitatu."

"Na daktari umemdanganya."

"Sikumdanganya. Nilimpa bei ya kuanzia."

"Koome, nisikilize. Mimi nilikupa figo ili utoke kwenye mashine. Ukatoka. Uliona watoto wako wakianza shule, uliuza miraa, ulinunua mlango. Hiyo ndiyo zawadi, na uliila yote. Hii iliyobaki si zawadi. Ni kidonda." Akafuta uji sakafuni na kitambaa. "Sasa Gakii anataka kufungua mwili wake kama mimi. Ukiiacha hii yangu humo kwa heshima, na mwili wako ukaikataa ya Gakii kwa sababu ya yangu, nitamwangalia Gakii na uso gani? Yangu imekufa. Usiiue na yake."

Nilitafuta bei ya kurudisha, sikuipata.

Jioni ile mzee alinisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Njiani akauliza, "Hiyo figo wakiitoa, inarudishwa kwetu?"

"Hapana, Mzee. Hospitali huizika yenyewe."

"Vizuri," akasema. "Ningelazimika kuinunua pia."

Embu, mara ya pili

Niliingia kwa daktari asubuhi, nikaketi, nikasema kabla hajauliza. Inauma kila siku. Jioni napata homa mpaka natetemeka. Siwezi kulalia upande wa kulia. Mkojo ule wa kikombe umekuwa nusu, na wiki iliyopita ulikuwa na damu.

Alisikiliza mpaka mwisho akiandika. Hakuniambia "nilijua", ingawa alijua.

"Ni nini kimebadilika tangu juzi?"

"Nimekutana na mtu anayejua kubonyeza."

Akaniambia basi itatolewa. Akanieleza hatari bila kuzipunguza: inaweza kutoka damu, watajitahidi wasiniongeze ya watu, na hata hivyo hakuna ahadi kwamba askari watatulia. Tukipima upya na damu ya Gakii, inaweza kukubali, inaweza kukataa. Nikamwuliza kama hakuna nafuu kidogo hapo. Akasema hakuna. Ilikuwa mara ya kwanza napewa bei moja tu nikaondoka nayo, na sikumdharau.

Kangeta

Mambo ya hospitali nayaruka, mnayajua na yanachosha. Ilitoka. Damu ilimwagika lakini haikufika ya kuongezwa. Nilipoamka nikaomba nionyeshwe, wakanionyesha, kitu cha kijivu kilichonyauka, nikakiambia asante kwa Kimeru na muuguzi akageuka kando kwa adabu. Homa ya jioni haijarudi tangu hapo. Upande wa kulia nina kovu jipya juu ya la zamani, na naulalia.

Kagendo alipiga simu wiki iliyopita. Alianza kwa kucheka, nikajua si msiba. Yule mbuzi mgumba wa Mzee Nyaga amezaa. Nikamwuliza amezaa nini. Akasema majike wawili, na kwamba mzee ananisalimia sana na kuuliza nitapita tena lini Kiritiri siku ya soko. Nikamwambia haiwezekani, nilimshika tumbo mwenyewe. Akasema, "Ndiyo, na la kwako pia ulikuwa unalishika kila siku."

Majibu ya Gakii yalikuja juzi. Damu yetu imekubaliana. Hakuna vita. Siku tumepewa, na msiniulize ni lini, maana mtakuja wote na ndizi.

Usiku wa majibu Gakii alikuwa anamenya viazi, vile mimi sivili, na bila kuinua kichwa akaniuliza, "Nikifunguliwa, itauma?"

Neno lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Itauma," nikasema. "Kagendo anasema wiki ya kwanza hata kucheka huwezi. Halafu inapungua polepole."

Akamaliza kiazi alichokishika, akachukua kingine.

"Sawa," akasema. "Hiyo naiweza."